Chema hakijiuzi: soko la kilimo hai duniani na karatasi zinazotudai

Itifaki imezingatiwa. Ndugu viongozi wa vyama vya msingi, maafisa ugani, wasafirishaji, wenye maghala, na ninyi wakulima mliosafiri kutoka Kyela, Muheza na Lindi mkashuka Mbezi Louis kabla jua halijatoka: karibuni Dar es Salaam.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naomba radhi kwa wahenga, maana katika biashara hii maneno hayo yanatupotosha. Weka mezani bakuli mbili za ufuta, moja umelimwa bila dawa na mwingine umepigwa dawa mara nne. Hakuna hapa ukumbini atakayeutofautisha kwa macho, kwa kunusa wala kwa kutafuna. Mnunuzi wa Hamburg naye hawezi. Anaongeza bei kwa kitu asichokiona, kwa sababu kuna ushahidi ulioufuata ule ufuta kutoka shambani hadi kwake. Ushahidi ukikatika njiani, hata kwa siku moja, ule ufuta unauzwa kwa bei ya kawaida, jasho la mkulima liwe limetoka kiasi gani.

Tuanze na ukubwa wa soko. Mwaka 1999 ardhi ya kilimo hai duniani, yaani kilimo kinacholisha udongo kwa njia za asili badala ya mbolea na dawa za viwandani, ilikuwa hekta milioni 11. Takwimu za 2023, zinazokusanywa kila mwaka na taasisi ya utafiti ya FiBL ya Uswisi pamoja na IFOAM, shirikisho la kimataifa la kilimo hai, zinaonyesha takriban hekta milioni 99. Mauzo yalikuwa kama yuro bilioni 15 mwaka 2000. Mwaka 2023 yalifika bilioni 136. Marekani peke yake ilinunua bidhaa za karibu yuro bilioni 59, Ujerumani bilioni 16, China zaidi ya bilioni 12. Mswisi mmoja hutumia wastani wa yuro 468 kwa mwaka kwa vyakula hivi, na Denmark karibu asilimia 12 ya fedha yote ya chakula madukani huenda kwenye bidhaa za kilimo hai.

Lakini tusilewe takwimu. Zaidi ya nusu ya hekta hizo, kama milioni 53, ziko Australia, na nyingi ni malisho makavu ya ng'ombe na kondoo. Ardhi ya kilimo hai yote kwa jumla ni kama asilimia 2 tu ya ardhi ya kilimo duniani. Tazameni pia wakulima: ni kama milioni 4.3, zaidi ya nusu wako India, na jirani zetu Uganda wamewahi kuhesabiwa zaidi ya 400,000. Wanaolima wako huku na wanaonunua wako kule, ndiyo maana masharti yanaandikwa kule. Tena soko hilo hupanda na kushuka. Mwaka 2022, bei za vyakula na nishati zilipopaa Ulaya, mauzo ya kilimo hai katika Umoja wa Ulaya yalirudi nyuma. Anayepanga maisha yake yote juu ya mnunuzi mmoja wa Ulaya akumbuke mwaka huo.

Kanuni zenyewe si za jana. IFOAM iliundwa Versailles mwaka 1972, Ulaya ikatunga sheria yake ya kwanza mwaka 1991, na kanuni za Marekani zikaanza kutumika 2002. Sisi Afrika Mashariki tulipata kiwango chetu, EAS 456, mwaka 2007, na kilizinduliwa hapa hapa Dar es Salaam pamoja na alama ya Kilimohai. Kilikuwa kiwango cha pili duniani kuunganisha nchi za kanda moja, baada ya kile cha Ulaya. Katika hili hatukuchelewa. Tulichochelewa ni kuweka kumbukumbu.

Nianze na kosa ambalo limezoeleka kuliko yote. Mkulima husema: "Mimi sijawahi kununua mbolea ya dukani, kwa hiyo nalima kilimo hai." Hapana, mzee wangu. Kutotumia kwa sababu hukuwa na fedha ni jambo moja, na kulisha udongo ni jambo jingine. Shamba lisilotiwa chochote linachuja kila mwaka, na hilo si kilimo hai, ni kuchimba madini ya udongo kwa jembe la mkono.

Sri Lanka walilipa somo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani na viuatilifu karibu ghafla, nchi nzima. Mavuno ya mpunga yakaporomoka, chai ikaathirika, na kabla mwaka haujaisha marufuku ikalegezwa. Nguvu za mbolea ile zilikuwa hazijapatiwa mbadala. Mboji haizaliwi kwa tangazo la gazeti la serikali.

Tupige hesabu ya mboji basi, maana hapo ndipo wengi huanguka. Tani 4 za mboji mbichi, yenye unyevu nusu kwa nusu, zina tani 2 za mboji kavu. Ikiwa naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mmea, ni asilimia 1.2, hiyo ni kilo 24. Mwaka wa kwanza mmea utapata labda moja ya tano, karibu kilo 5. Iliyobaki inatoka polepole miaka inayofuata. Tani moja ya punje za mahindi hubeba takriban kilo 15. Sasa mnaona kwa nini anayeweka mboji mwaka mmoja na kutarajia mavuno ya urea huvunjika moyo. Pengo hilo huzibwa na mikunde. Marejea yakipandwa na kulimiwa chini yanapoanza kutoa maua, wiki ya 8 hadi ya 10, yanafanya kazi ambayo mkokoteni wa samadi hauwezi. Ukiyaacha mpaka mashina yawe magumu kama fimbo yatachelewa kuoza, na yatakopa naitrojeni ya udongo badala ya kuiongeza. Mbaazi na kunde nazo husaidia, ila mkumbuke kwamba ukivuna punje na kung'oa mashina ukayachoma, umetoa karibu kila ulichoweka.

Lundo la mboji lenyewe liwe na upana wa mita 1.5 na kimo kati ya mita 1.2 na 1.5, urefu ni wako. Chini weka mabua magumu au matawi, unene wa shibiri moja, ili hewa ipite. Juu yake majani makavu sentimita 20, majani mabichi 10, samadi 5, na udongo kidogo wa juu wenye rutuba. Nyunyiza maji kila tabaka, rudia mpaka kimo kitimie, kisha funika kwa nyasi au majani ya mgomba. Kipimo cha maji ni kiganja: ukikamua konzi yatoke matone mawili matatu, yasitiririke. Chomeka fimbo ndefu katikati. Kati ya siku ya 3 na ya 5 ukiitoa iwe moto kiasi cha kukufanya uiachie, maana ndani kunatakiwa kuwa nyuzi 55 hadi 65, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea. Geuza baada ya wiki 2 au 3, nje iingie ndani, ugeuze tena kila joto linaposhuka. Miezi 3 inatosha kwa hali ya hewa ya pwani.

Lundo likinuka kama mkojo, samadi imezidi, ongeza makavu. Likinuka yai viza limelowa mno na hewa imekosa njia, livunje ulijenge upya. Fimbo ikitoka baridi ama lundo ni kavu ama ni dogo. Chini ya mita moja halishiki joto. Fimbo ikitoka na unga mweupe kama majivu, limeungua kwa kukauka, maji haraka. Kwa walio karibu na jiji, maganda na majani ya masoko ya Mabibo na Ilala ni mali, na pumba za mbao za Keko pia, kwa sharti moja: uliza kama mbao zilipakwa dawa ya kuzuia mchwa. Zikiwa zimepakwa, ziache huko huko. Na mbolea ya kuku wa nyama ichunguzwe ilikotoka kabla ya kuingizwa kwenye shamba lililosajiliwa, kwa kuwa kanuni za Ulaya hazikubali samadi ya ufugaji wa kiwanda.

Kwenye wadudu kuna mtego ambao watu wema hunaswa. "Ni ya asili" haina maana kwamba inaruhusiwa. Maji ya tumbaku yanaua wadudu vizuri, lakini nikotini imekatazwa. Utupa, ambao babu zetu walitumia kulevya samaki, una sumu iitwayo rotenone, na Ulaya imeshaiondoa kwenye orodha yake. Kikundi kinachouza huko kisiuguse. Salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiri unga inaruhusiwa. Zile dawa za kisasa za maji kwa ugonjwa huo huo haziruhusiwi, na pampu iliyotumika kwa hizo isiingie kwenye mikorosho ya kilimo hai hata ikioshwa mara tatu. Kopa, yaani dawa ya madini ya shaba, kwenye kahawa inaruhusiwa kwa kiasi: kilo 4 za kopa halisi kwa hekta kwa mwaka, kwa wastani. Soma lebo. Kilo ya unga siyo kilo ya kopa.

Mwarobaini unaruhusiwa, nao hutayarishwa hivi: kiini cha mbegu gramu 500, kilichokaushwa kivulini na kisicho na ukungu, kitwangwe, kilowekwe usiku kucha katika lita 10 za maji, kichujwe kwa kitambaa, kitiwe sabuni kidogo ya mche ili kishike kwenye jani. Piga jioni, kwa kuwa jua huivunja nguvu yake. Maji ya juzi ni uchafu tu, tengeneza mapya. Rudia kila siku 7. Dhidi ya kantangaze, mdudu anayetoboa matunda, kwenye nyanya mwarobaini peke yake hautoshi. Weka na mitego ya harufu, okota matunda yaliyotobolewa, yafungie kwenye mfuko mweusi juani. Mbegu pia: ukinunua mahindi yenye rangi nyekundu au ya kijani, hiyo rangi ni onyo la dawa ya ukungu. Omba isiyotiwa dawa mapema, duka halitakuwa nayo siku ya mvua ya kwanza.

Shamba likishaanza, kuna kipindi cha mpito. Kwa soko la Ulaya ni miezi 24 kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miezi 36 kabla ya kuvuna mazao ya kudumu kama kahawa, kokoa na mikarafuu. Marekani huhesabu miezi 36 kabla ya mavuno kwa yote. Miaka hii ndiyo migumu: unalima kwa kanuni, unauza kwa bei ya kawaida. Anayekuahidi bei ya kilimo hai mwaka wa kwanza, muulize kwa karatasi gani.

Sasa moyo wa hotuba hii. Mkulima wa ekari 2 hawezi kulipa mkaguzi wa kutoka nje peke yake, kwa hiyo hukaguliwa kikundi, kupitia mfumo wa udhibiti wa ndani. Mfumo huo si siri kubwa. Kuna orodha ya wanachama na mashamba yote ya kila mmoja, hata yale asiyouza mazao yake. Kuna ramani inayoonyesha jirani gani anapiga dawa, mkataba uliosainiwa, na mkaguzi wa ndani anayefika kila shamba angalau mara moja kwa mwaka na kuandika makadirio ya mavuno kabla ya mavuno. Kisha kuna orodha ya walioidhinishwa, ambayo karani wa ununuzi anakaa nayo mezani, na stakabadhi zenye namba. Kanuni mpya za Ulaya, namba 2018/848, zinataka kikundi kiwe na usajili wake kisheria, kiuze kwa pamoja, na kisizidi wanachama 2,000. Wakaguzi wa nje hurudia kukagua angalau asilimia 5 ya wanachama, wasiopungua 10, na kuchukua sampuli za asilimia 2. Marekani nayo, tangu Machi 2024, inadai cheti cha kielektroniki kwa kila shehena.

Kwa nini wamekaza namna hii? Kwa sababu wamedanganywa, tena na watu wao wenyewe. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka wa Missouri alihukumiwa mwaka 2019 kwa kuuza kwa miaka mingi mahindi na soya za kawaida kama za kilimo hai, thamani yake zaidi ya dola milioni 100. Tunaobebeshwa mzigo wa kosa lile ni pamoja na sisi tusiomjua.

Mkaguzi akifika, hesabu ya kwanza anayofanya ni hii. Mwanachama ana ekari 2 za ufuta, makadirio kilo 250 kwa ekari, jumla 500. Stakabadhi zinasema ameuza kilo 900. Kilo 400 zimetoka wapi? Mara nyingi zimetoka kwa shemeji yake asiye mwanachama, ambaye naye alitaka bei nzuri. Wala si mtu mbaya. Lakini mifuko yake minne inaweza kusimamisha cheti cha wenzake 500. Upande wa pili yuko aliyekadiriwa kilo 500 akauza 100. Zile 400 zimeondoka usiku kwa kangomba, wanunuzi wasio rasmi, au kule Kagera kahawa imeuzwa kwa butura ikiwa bado maua. Na tafadhali, lumbesa iishe. Gunia lenye kilemba halina uzito unaojulikana, na hesabu inayoanzia kwenye gunia la namna hiyo haiwezi kufunga.

Gharama nazo zipigiwe hesabu kabla ya kusaini. Tuchukue mfano: wakulima 500, kila mmoja kilo 300, jumla tani 150. Ukaguzi, posho za wakaguzi wa ndani, maabara na mafunzo tuseme dola 15,000 kwa mwaka. Nyongeza ya bei tuseme senti 18 za dola kwa kilo. Mkiuza tani zote 150 kama kilimo hai, nyongeza ni dola 27,000 na mnabaki na 12,000. Mkiuza tani 75 tu, nyongeza ni 13,500. Mmepata hasara ya 1,500 na cheti mnacho. Mstari wa kuokoka uko kwenye tani 83 hivi. Vikundi vingi hufa hapo, si shambani: kilimo kizuri, cheti kizuri, mnunuzi wa nusu ya mzigo.

Baada ya kuvuna ndipo hatari inakuwa kubwa zaidi. Kikomo kinachotumika Ulaya kwa mabaki ya dawa nyingi ni miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni gramu 1 ndani ya tani 100, yaani robo kijiko cha chai kwenye kama kontena 5 za ufuta. Gunia moja lililowahi kubeba mbegu zilizotiwa dawa linatosha kuharibu. Vivyo hivyo ghala lililofukizwa wiki iliyopita, lori lililobeba mbolea jana, na unga wa dawa ya kuhifadhi mahindi uliomwagika chumbani mnamolazwa pilipili manga. Mwaka 2008 kaskazini mwa Uganda, nyumba zilinyunyiziwa DDT ndani dhidi ya mbu wa malaria. Wakulima wa kilimo hai wa pamba na ufuta huhifadhi mazao ndani ya nyumba hizo hizo, na soko lao likatikisika vibaya. Mwaka 2020 ufuta kutoka India ulikutwa na ethilini oksaidi, gesi ya kuulia vijidudu, na bidhaa mamia zikaondolewa madukani Ulaya, zikiwemo za kilimo hai. Shamba halikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo wenye maghala mnisikie. Ufuta na korosho nyingi hupita stakabadhi ghalani, na ghalani mzigo hupangwa kwa daraja, hauulizwi ni wa nani. Mzigo wa kilimo hai lazima uwe na chumba chake, namba yake ya shehena, na makubaliano ya maandishi kwamba hakuna kufukiza bila kumwita mwenye mzigo. Wadudu wa ghalani tuwamalize kwa mifuko isiyopitisha hewa, plastiki mbili ndani ya kiroba kimoja. Wanamaliza hewa wenyewe wanakufa. Mfuko ukitobolewa na panya umekuwa kiroba cha kawaida. Bandarini, wasafirishaji, angalieni mhuri kwenye mapaleti ya mbao: HT ni yaliyotibiwa kwa joto, MB ni yaliyofukizwa kwa sumu ya methili bromaidi. Chukueni HT, na mtoe maelekezo ya kontena kwa maandishi kabla wakala hajatupia vidonge vya kufukiza kwa mazoea.

Kuhusu soko la nyumbani nitapita haraka, ingawa pengine ndilo linalowafaa wengi wenu zaidi. Uthibitisho shirikishi, ambamo wakulima wa eneo moja hukaguana wakishirikiana na wanunuzi, unaruhusu kutumia alama ya Kilimohai kwa gharama ndogo sana kuliko cheti cha Ulaya. Wateja wapo hapa Dar. Lakini mchicha wa bondeni Msimbazi usiitwe kilimo hai hata kama haujaonja dawa. Tafiti zimekuta risasi kwenye mboga za bonde hilo, na maji yanayotoka viwandani na kwenye gereji hayajali mmetia samadi gani. Pima maji kwanza, halafu ndipo mzungumze alama.

Nje, upande wa maegesho, kuna malundo mawili ya mboji, moja la wiki 3 na jingine la miezi 3. Fimbo zimeshachomekwa. Zitoeni, mshike, mnuse, halafu turudi ndani kwa maswali. Na mwenye kikundi aje na daftari lake la stakabadhi, tulifungue pamoja.